Mchawi Asiyezomewa

Kazi yangu ilikuwa kamba. Nilizivuta kamba za majukwaa ya Uingereza miaka ishirini na sita, kutoka Hull mpaka Plymouth, kwa sababu wenye majumba ya michezo kule wanawapenda mabaharia: tunajua mafundo, hatuogopi kimo, na tukiambiwa shika, tunashika. Waigizaji niliwaona kutoka juu. Nayajua mawigi yao, na wenye upara nawajua walikouficha. Lakini nikiulizwa nani kati yao aliyekuwa na roho ngumu kuliko wote, simtaji mwanamume. Namtaja Dilys Ormerod, na wiki moja ya Krismasi ya mwaka 1983, mjini Grimsby.

Kwa watoto wa nchi ile Dilys alikuwa kama ndugu wa mama. Miaka kumi na saba, kila siku ya shule, saa kumi na robo jioni, alitokea kwenye televisheni na sweta lake la manjano akasema, "Umefika? Haya, kaa karibu yangu." Alisema na mtoto mmoja tu, hata kama waliomtazama walikuwa milioni tano, na kila mmoja aliamini kwamba ni yeye. Aliwafundisha kujenga nyumba ya ndege kwa boksi la sabuni. Aliwaonyesha namna ya kumwosha mbwa asiyetaka kuoshwa. Mvulana aliyefiwa na sungura wake alimwandikia Dilys kabla hajamwambia baba yake.

Mwaka ule wakubwa wa kituo wakamwona amezeeka. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Wakaweka vijana wawili na bata wa kitambaa, wakampa Dilys keki na saa ya ukutani, wakamfungulia mlango.

Jambo ambalo watu hawakulijua ni kwamba mwanamke huyu alisomea jukwaa. Televisheni aliingia kwa wiki sita tu, kumshikia nafasi mwenzake aliyekwenda kujifungua. Wiki sita zikawa ndizo hizo miaka kumi na saba. Sasa alitaka kurudi kwenye kazi aliyoisomea, aigize watu wabaya, watu wazima, watu wenye siri. Kila mlango aliobisha walimkaribisha chai, wakamwomba asaini jina lake kwa ajili ya watoto wao, wakamwambia hawana nafasi. Nani atamwamini Anti Dilys akitia sumu kwenye kikombe?

Aliyempa kazi ni Bwana Cyril Bashford, mwenye mchezo wetu wa Krismasi. Alimpa nafasi ya mchawi. Wala hakumpa kwa kuamini kipaji chake. Alijua jina la Dilys likiwa kwenye bango, tiketi zitaisha. Na kweli ziliisha kabla ya Desemba kuingia.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mji wa waoka mikate. Bibi Ukungu, mchawi, anataka kuiba hamira yote ili mkate usiumuke tena. Binti wa mwoka mikate, Poppy, anajificha na hamira ndani ya pipa la unga. Mama yake Poppy, kwa desturi ya michezo hii, ni mwanamume, Len Hoskin, mzee wa miaka sitini mwenye masharubu aliyoyanyoa kila Krismasi, anavaa magauni kumi na moja tofauti kwa saa mbili na nusu. Mchezo wa namna hii hauendi bila watoto kupiga kelele. Mchawi akitokea, wanamzomea mpaka meno yanauma. Mchawi akiuliza, "Yuko wapi?" wanajibu, "Hatusemi!" Zomeo ndilo mshahara wa mchawi. Asipozomewa, mchezo hauna adui, na bila adui ni watu wazima waliovaa vibaya.

Siku ya kwanza, Jumamosi, Dilys aliingia kutoka kushoto, upande wa waovu, kama desturi inavyotaka. Taa ya kijani ikamwangukia. Pua ya nta, kucha ndefu, sauti ya kukwaruza. Nilikuwa juu nimeshika pazia la msitu, nikajisemea, huyu anajua kazi.

Watoto mia tisa wakasimama kwenye viti vyao wakashangilia. "Anti Dilyyys!" Wakampungia mikono. Wengine walivaa masweta ya manjano.

Akajitahidi. Akacheka kicheko cha kutisha, nao wakacheka pamoja naye. Akafika pale penyewe, akainama mbele ya jukwaa, akanguruma, "Niambieni! Yuko wapi binti wa mwoka mikate?"

"Kwenye pipa, Anti Dilys!"

Wote mia tisa, kwa sauti moja safi, kama wanavyojibu darasani. Mtoto mmoja wa mbele akaongeza, "Na hamira anayo mfukoni!"

Ndani ya pipa Poppy akakohoa. Hakuna mtu aliyejua la kufanya. Mchawi ameshaambiwa kila kitu, na mchezo una saa nzima bado. Len ikabidi atoke akiwa na nusu ya gauni, akaanza kuimba wimbo usiokuwepo.

Ikawa hivyo Jumamosi mara mbili, ikawa hivyo Jumatatu mara mbili. Walibadilisha taa. Walimpaka rangi ya maiti. Walimwongezea pembe. Akamkanyaga Len mguu mbele yao, kwa nguvu hasa, na watoto wakamwonea Dilys huruma kwamba amejikwaa.

Jumatatu jioni Bwana Bashford akatuita jukwaani. Alikuwa mtu mfupi wa koti la ngamia, kila neno lake alilitoa kwa majonzi kama anasoma tanzia.

"Bi Dilys," akasema, "mimi nakuheshimu. Mke wangu anakuheshimu. Lakini nina mchezo ambao mchawi anaombwa asaini vitabu katikati ya wizi."

"Nipe siku mbili," akasema Dilys.

"Coral anaujua uchawi wote, kila neno." Coral alikuwa malaika mwema wa mchezo ule, msichana mrefu mwenye kidevu cha kisu. "Mnabadilishana nguo, basi. Wewe unakuwa malaika, watoto wanafurahi, mimi nalala."

"Na mimi nakuwa Anti Dilys mwenye mabawa."

"Ubaya uko wapi?"

"Ubaya, Bwana Bashford, ni kwamba nikiyavaa yale mabawa sitayavua mpaka nazikwa nayo. Hakuna mtu nchi hii atakayenipa nafasi nyingine. Watasema tulimjaribu, hawezi." Hakupandisha sauti. "Nipe mpaka Jumatano mchana. Nisipozomewa Jumatano, mabawa nitayapiga pasi mwenyewe."

Bashford akakubali. Coral akatazama kucha zake, lakini nilimwona midomo inatembea; alikuwa anayapitia maneno ya mchawi.

Jumanne kukatokea jaribu la pili, tena tamu. Simu ililia kwenye kibanda cha mlinda mlango wa nyuma, akaitwa Dilys. Ni watu wa televisheni, kituo kingine. Wanataka aongoze kipindi cha Jumapili asubuhi, nyimbo za dini na wanyama wa kufugwa, mkataba wa miaka mitatu. Watausaini wiki ijayo. Alirudi kwenye chumba cha chai akatuambia kama anayetuambia kunanyesha.

"Miaka mitatu!" Len akasema. Alikuwa amekaa na sidiria yake ya mpira na suruali ya mzee, anakula samaki na chipsi kwenye gazeti. "Kipenzi, chukua. Mimi nimevaa maziwa ya bandia Krismasi thelathini na mbili na sijawahi kupata mkataba wa miezi mitatu."

"Sijakataa."

"Lakini hujakubali. Nakuona ulivyoikunja pua hiyo."

"Nimewaambia nitawajibu. Len, hebu niambie wewe uliyekaa sana. Mtu humzomea nani?"

Len akamung'unya. Akanipa mimi chipsi moja, akamnyima Dilys. "Kama baba yangu, mwaka ule wa mgomo. Alimzomea meneja? Hapana. Meneja hata sura yake hakuijua. Alimzomea jirani yetu aliyeingia kazini kwa mlango wa nyuma. Jirani aliyekuwa anamkopesha baiskeli. Unanielewa? Unamzomea aliyekufanyia wewe kitu. Sasa wewe watoto wale umewafanyia nini?"

"Nimewafundisha kujenga nyumba za ndege."

"Basi umekwisha. Vaa mabawa."

"Namwibia Poppy hamira yake kila siku."

"Poppy ni nani? Poppy wamemjua leo saa nane na nusu. Wewe wamekujua tangu wananyonya. Ibia Poppy, mchome Poppy, mfanye supu, watasema Anti Dilys ana sababu zake." Akageukia kwangu. "Si kweli, Baharia?"

Nikasema ni kweli. Meli nilizopanda, tulimchukia mpishi, hatukumchukia mwenye kampuni.

 Dilys alikishika kikombe chake mpaka chai ikaota utando. Halafu akacheka kidogo, peke yake, kicheko ambacho sikuwahi kumsikia nacho kwenye televisheni wala jukwaani, akaondoka kwenda kupaka nta puani.

Hapa lazima niseme habari ya picha, maana bila picha hamtaelewa. Kila Ijumaa kwenye kile kipindi chake palikuwa na ukuta. Watoto walituma michoro kutoka kila pembe ya nchi, na kamera ilipita juu yake taratibu huku kinanda kinalia. Kuonyeshwa ukutani pale ilikuwa sifa ambayo familia iliisema kwa miaka. Na kila Ijumaa Dilys alimalizia kwa maneno yale yale: tunasikitika hatuwezi kuzirudisha picha zako. Nchi nzima iliyajua maneno hayo. Mabenki yaliyatania kwenye matangazo yao, wabunge waliyatania. Lakini hakuna aliyeuliza picha zilikwenda wapi.

Jumatano mchana ukumbi ulijaa hadi ghorofa ya juu. Mabasi ya shule yalileta watoto wa Cleethorpes na Immingham. Bashford alisimama nyuma kabisa na koti lake. Coral alikuwa pembeni ya jukwaa, na chini ya mabawa nikaona ameshavaa viatu vya akiba vya mchawi.

Dilys akaingia kushoto. Wakashangilia. Akafanya uchawi wake wote, wakapiga makofi. Akafika mbele, akainama. "Yuko wapi binti wa mwoka mikate?"

"Kwenye pipa, Anti Dilys!"

Hapo akanyooka. Akavua kofia ya pembe, akaiweka chini kwa adabu. Akavua pua. Akakaa kwenye ukingo wa jukwaa, miguu ikining'inia, na akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ya sweta la manjano, polepole:

"Umefika? Haya, kaa karibu yangu."

Ukumbi ukatulia kama maji kwenye ndoo. Hata waliokuwa wanakula peremende waliacha kutafuna.

"Unaikumbuka ile picha uliyoniletea?"

"Ndiyooo!"

"Ulikaa nayo siku nzima. Ulipaka rangi, hukutoka nje ya mstari. Mama alinunua stempu. Ukaitia posta, ukarudi mbio. Sivyo?"

"Ndiyooo!" Na safari hii nikasikia sauti nzito humo ndani, sauti za akina baba.

"Na mimi nikakwambia nasikitika, siwezi kuirudisha." Akatabasamu. Tabasamu lile lile la miaka kumi na saba, meno yale yale. "Hukujiuliza kwa nini?"

Watoto wakatazamana.

"Nyumba yangu ina baridi sana," akasema Anti Dilys. "Na karatasi iliyopakwa rangi za nta, mpenzi wangu, inawaka vizuri ajabu."

Nawaambieni ukweli, nilisahau nilichoshika. Pazia la msitu lilishuka futi nne kabla sijalidaka.  Nikaona Bashford ameweka mkono kinywani. Nikaona Len ameganda pembeni na gauni la keki. Nikajua kwamba kama wale watoto wataanza kulia, mchezo umekufa, na Dilys amekufa nao.

Sauti ya kwanza ilitoka ghorofa ya juu, ya mwanamke mtu mzima.

"We mwanamke huna haya!"

"Nani huyo?" Dilys akainua uso, mkono juu ya macho. "Wewe ulichora nini, mama?"

"Nilichora farasi!"

"Aa, farasi! Yule mwenye miguu mitano? Yeye alinichemshia chai."

Basi, jengo likapasuka. Sijawahi kusikia zomeo kama lile, hata kwenye viwanja vya mpira. Lilianza na akina mama, likashuka kwa akina baba, na watoto walipoona wakubwa wao wamesimama wanatikisa ngumi, wakapata ruhusa, wakalichukua na kulipandisha mpaka vumbi la miaka themanini likaanza kunidondokea kutoka darini. Wakazomea kwa miguu, wakazomea kwa viti. Dilys akaiokota pua yake, akaibandika taratibu, akavaa kofia, akasimama. Akanguruma:

"Yuko wapi binti wa mwoka mikate?"

"HATUSEMI!"

Ndani ya pipa Poppy alipiga kelele ya furaha ambayo haikuandikwa popote. Coral akainama, akafungua kamba za viatu.

Bashford alimpokea pembeni akilia machozi ya kweli. Lakini furaha yake haikufika kesho yake, kwa sababu Alhamisi gazeti la mji liliandika ukurasa wa kwanza, na Ijumaa magazeti makubwa yakaandika kurasa za ndani. Mzazi mmoja wa Louth alisema mwanawe hataki tena kuchora. Mwalimu mmoja alisema huo ni ukatili. Simu ya mlinda mlango ililia tangu asubuhi, na ya mwisho ilikuwa ya wale wa kipindi cha Jumapili. Walisema wazi. Jumamosi, mwisho wa mchezo wa mchana, mbele ya mpiga picha wa gazeti, Dilys aseme kwamba alitania, picha ziko salama, anawapenda watoto wote. Akisema, mkataba upo. Asiposema, aendelee na uchawi wake.

"Ni sentensi moja tu," Bashford akamwambia. "Moja, Bi Dilys! Wameshakuzomea, umeshinda. Sasa waachie watu waende nyumbani na roho nyeupe."

"Nitafikiri," akasema.

Jioni ile ya Ijumaa nilikuwa nafagia karibu na mlango wa nyuma alipokuja mtu mmoja, kijana mpana, buti za mpira, ananuka bandari. Dilys alikuwa ndiyo anatoka, amevaa koti, uso bado una kijani kwenye masikio.

"Wewe ndiye uliyechoma picha?" kijana akauliza. Hakusalimia.

"Wewe ni nani?"

"Neville Maltby. Napasua samaki kwenye vibanda vya gati. Jumatano nilimleta mpwa wangu."

"Ulichora nini, Neville?"

"Meli ya baba. Na baba yuko juu anapunga mkono. Nilikuwa na miaka minane. Uliionyesha ukutani, Ijumaa, mimi nikaiona kwa macho yangu. Mtaa mzima uliiona." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ndiyo picha pekee ya meli ile. Hatukuwa na kamera."

"Baba yako yupo?"

"Yupo, yuko nyumbani anagombana na paka. Meli ndiyo haipo. Waliikata vyuma mwaka juzi, pamoja na meli zote za uvuvi za hapa." Akamtazama sana. "Nijibu. Uliichoma?"

Nilidhani atamwambia ni mchezo tu, kaka, nenda kalale. Mtu yeyote angesema hivyo. Dilys akaurudisha mlango nyuma yake, akaegemea.

"Sijui," akasema. "Waliniambia zinawekwa ghalani. Niliuliza ghala liko wapi, wakaniambia wataniambia. Nikauliza mara ya pili. Mara ya tatu nikaona aibu, nikaacha. Nikaendelea kusema nasikitika kila Ijumaa, miaka kumi na saba, huku nacheka. Kwa hiyo sijui, Neville. Huenda ziliungua. Nilipoyasema yale Jumatano sikuwa na hakika kama naigiza."

Kijana akatazama buti zake. Mvua ilikuwa inaanza.

"Wanataka useme zipo salama," akasema. "Nimesoma kwenye gazeti la jioni."

"Ndiyo."

"Utasema?"

"Wewe ungependa niseme?"

"Mimi ningependa nikuzomee tena," Neville akasema. "Kwa moyo kabisa. Jumatano nilishtuka, sikuzomea vizuri."

Dilys akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi njoo kesho mchana. Nahitaji watu kama wewe."

"Tiketi zimekwisha."

"Baharia, tunaweza kuwasimamisha nyuma watu wangapi?"

"Kumi na wanne," nikasema, "na kama hawanuki sana, ishirini."

"Tunanuka," akasema Neville, "lakini tuna sauti."

Watu huniuliza huyu mama aliishia wapi, maana kwenye televisheni hawakumwona tena. Nami nawaambia: mngekwenda majumba ya michezo mngemwona. Nilivuta pazia lake Leeds akiwa mke anayemuua mumewe kwa upole, nikalivuta Bristol akiwa hakimu aliyekula rushwa. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili baada ya Grimsby, mfululizo, na jina lake kwenye bango halikuandikwa Anti. Wakurugenzi waliompa chai ya bure ndio waliompigia simu. Lakini hayo yalikuja baadaye, na siku ile ya Jumamosi hakuna aliyeyajua, hata yeye.

Jumamosi mchana walimzomea kabla hajatokea. Ilitosha taa ya kijani kuwaka. Wapasua samaki walisimama nyuma na aproni zao, mikono imekunjwa, na walipofungua vinywa hata Len alirudi hatua moja. Watoto walikuja wamejiandaa. Wengine walichora moto kwenye mabango. Mmoja alibeba ndoo ya plastiki ya kuzimia moto.

Mchezo ukaisha. Mchawi akashindwa, mkate ukaumuka, Poppy akaolewa. Waigizaji wakatoka mmoja mmoja kuinama, Coral na mabawa yake akapigiwa makofi mazuri, Len akatoka na gauni la kumi na moja. Mwisho akatoka Dilys. Zomeo likampiga usoni kama upepo wa bandarini, akainama ndani yake, chini, taratibu, kama mtu anayeshukuru.

Mpiga picha akapiga magoti mbele. Pembeni Bashford alikuwa anampungia, anatamka bila sauti: sema, sema. Dilys akasogea ukingoni, akavua kofia, akavua pua. Watu wakaona uso wanaoujua. Kelele ikapungua, ikapungua, ikakatika. Walikuwa wanangoja. Kina mama walishaanza kulainika nyuso. Niliwaona kutoka juu, mia tisa, tayari kumpokea tena.

Akawatazama vizuri, kuanzia mbele mpaka kwa wale wa aproni.

"Umefika?" akasema.

Mwenye ndoo akaishusha.

"Picha zako zilikwenda wapi, mimi sitakwambia. Lakini Krismasi ijayo nitakuwa hapa tena, na baridi itakuwa pale pale." Akainama kidogo, kama anamnong'oneza mtoto mmoja. "Kwa hiyo chora, mpenzi wangu. Chora nyingi. Chora kwenye karatasi nene."

Lililofuata sina kipimo chake. Mwenye ndoo aliitupa. Neville Maltby alikuwa amesimama juu ya kiti ambacho si chake, shingo imevimba, anazomea na machozi yanamtoka kwa kicheko. Bashford akanigeukia akanipigia ishara kwa mikono miwili: shusha pazia, shusha, shusha!

Nikaishika kamba ya pazia. Chini yangu Dilys, bila kugeuka, akainua kidole kimoja.

Nikaliacha pazia juu. Tukasimama hivyo, yeye na kelele yake, mimi na kamba yangu, na kila ilipotaka kupoa aliwatazama tu, nayo ikapanda.